Mlima Uliokatwa

Tangu mwanzo Mama Josée hakuipenda safari ile. Alikubali kupanda minibasi kwa sababu moja tu: binti yake Angélique alikuwa anakwenda, na Angélique alikuwa siku ya tatu hajatia chakula kinywani, ila maji.

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka 2002. Mama na binti walikuwa wakikaa Woolwich, London, kwenye ghorofa lililo nyuma ya soko, pamoja na Miradie, mtoto wa Angélique mwenye miaka sita, ambaye ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno na kukujibu kwa Kiingereza. Baba wa mtoto huyo, Anselme, alibaki kwao Uvira, Kongo. Vita vilipoingia mjini mwaka 1998, aliwatanguliza wanawake kwenye mashua, akasema anarudi kufunga nyumba na atawafuata. Hakufuata. Toka siku hiyo hakuna aliyewaambia kwamba yu hai, wala hakuna aliyewaambia kwamba amekufa.

Angélique alianza kufunga kwa ajili ya mumewe Jumatano peke yake. Baadaye akaongeza Ijumaa. Sasa ilikuwa imefika mahali siku za kufunga zimezidi siku za kula. Alikuwa akisafisha ofisi mjini alfajiri, na akirudi husema ameshakula kazini. Lakini aliyekuwa akifua nguo zake ni mama yake, na mama yake alikuwa ameziona pini, moja, kisha mbili, kisha tatu, zinazobana kiuno cha sketi isianguke.

Hicho ndicho kilichokuwa kikimnyima Mama Josée usingizi. Hakuwa anaogopa kwamba binti yake anafunga. Alikuwa anaogopa kwamba hafungi tena. Kwamba ameacha tu kutaka kula, na kwamba maombi yamekuwa pazia la kufunikia jambo hilo. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kanisani walikuwa wakimsifu Angélique kwa imani yake.

Safari ilikuwa ya Mama Generosa, kiongozi wa akina mama wa maombi. Kwao Uvira, jambo likiwa zito watu hawaliombei chini, wanapanda nalo mlimani. Milima imesimama nyuma ya mji kama ukuta, unapanda alfajiri, unafumba macho, unatembea huku na huku ukiomba kwa sauti mpaka jua linakuwa kali. Sasa London haina mlima. Mama Generosa alililalamikia jambo hilo miaka mitatu, mpaka Severin, kijana wa Kitanzania aliyekuwa akitunza wazee kwenye nyumba moja ya Plumstead na kuja kwao Jumapili mchana kwa ajili ya kusikia Kiswahili tu, akamwambia kwamba kusini kuna vilima vyeupe juu ya bahari, vinaitwa Seven Sisters, watu wa dunia nzima wanakuja kuvipiga picha.

“Seven Sisters si ile stesheni ya treni, kule Tottenham?” Mama Myriam aliuliza asubuhi ile, alipokuja amevaa viatu vya harusi vyenye visigino virefu. “Mimi nilidhani tunakwenda huko!”

“Na hivyo viatu ni vya kuombea Tottenham?” Mama Generosa alimwuliza, na minibasi nzima ikacheka. Angélique hakucheka. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, na kila gari lilipotikisika kichwa kiligonga kioo, naye hakukiondoa.

Severin, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, aliyaona hayo kwenye kioo cha dereva. Waliposimama kwenye taa nyekundu alivua sweta yake, akaikunja, akampa Mama Josée aliyekuwa amekaa mbele karibu na joto.

“Shikamoo tena, mama. Mpe dada, aweke kichwa.”

“Marahaba, baba.” Neno hilo Mama Josée alikuwa amefundishwa naye, kwao Kongo hawana shikamoo. Alipitisha sweta nyuma. Angélique aliipokea, akaiweka mapajani, akakiacha kichwa kwenye kioo.

Waliliacha jiji. Nyumba zikawa chache, mashamba yakaanza, mengine yana maua ya njano hadi upeo wa macho. Kondoo walikuwa wametapakaa vilimani. Akina mama wakaanza kuimba, na Mama Josée naye akafungua kinywa kama anaimba, lakini masikio yake yalikuwa nyuma, yakitafuta sauti moja. Haikuwamo.

Waliegesha gari karibu na nyumba ndogo ya chai, wakaanza kupanda kwa njia ya majani. Mama Myriam alivua viatu vyake akavishika mkononi. Penye kona palisimama kibao chenye picha ya mtu anaanguka na mawe yanamfuata.

“Huyo alikunywa,” Mama Myriam alisema.

Mama Josée alikitazama kile kibao mpaka wenzake wakamwacha nyuma. Alipofika juu aliona kwa nini kimewekwa. Majani yalikuwa mafupi na laini kama yamenyolewa, mtu angetamani kulala juu yake. Yalipanda taratibu kuelekea upande wa bahari, yakapanda, yakapanda, halafu yakakoma. Hapakuwa na ua wala kamba wala jiwe. Mlima ulikuwa umekatwa. Kwa mbali, pale ukingo ulipojipinda, aliliona tumbo la mlima, jeupe kama muhogo uliomenywa, linashuka moja kwa moja mpaka kwenye maji. Wale watu wadogo kule chini ufukweni walikuwa kama punje za mchele.

Alirudi nyuma hatua kadhaa kabla hajajua kwamba anarudi.

Mama Generosa alikuwa ameshawakusanya. “Tawanyikeni,” aliwaambia, “kila mtu apate nafasi yake na Mungu wake. Fumbeni macho. Msiogope, ni kama kule nyumbani. Mguu ukiona unashuka, ujue unaelekea majini, geuka. Ukiona unapanda, uko salama, unaelekea mlimani.”

Maneno yale yalikuwa kweli, kwao. Kule Uvira hata mtoto anajua: chini ni ziwa, juu ni mlima. Lakini hapa?

“Mama Generosa,” alisema, “samahani. Hapa sivyo. Hapa juu ndiko…”

“Mama Josée.” Kiongozi alimwekea mkono begani, kwa upole. “Tumetoka mbali. Tusianze na hofu.”

Wengine waliguna wakikubali. Mama Josée akanyamaza. Yeye ni mtu wa benchi la nyuma. Hajawahi kushika kipaza sauti. Alijiambia kwamba mchana ni mweupe, watu watafumbua macho mara moja moja, na yeye hatayafumba yake hata kidogo.

Maombi yakaanza. Mtu asiyezoea angedhani ni ugomvi: kila mmoja na sauti yake, na mikono yake hewani, wakipishana bila kugongana kama watu wenye macho ya ziada. Severin, ambaye ni Mkatoliki, alipiga magoti mahali pamoja na rozari yake akatulia hapo. Angélique alitembea upande wa chini, mbali na bahari, midomo ikicheza. Mama yake alimfuata kwa macho na kuliita jina lake, kwa maana ndivyo alivyokuwa akiomba siku zote. Hakuwa na maneno mengi ya kumpa Mungu. Alilitaja jina tu, kwa nguvu, tena na tena, na kanisa zima lilikuwa limezoea: Angélique! Angélique!

Ukungu ulitoka baharini. Haukuja kama wingu linavyokuja, ukaliona na kujiandaa. Ulipanda ukingo kama maziwa yanavyopanda sufuriani, ukamwagika juu ya majani. Kwanza ulimmeza Mama Myriam na viatu vyake mkononi. Kisha Severin. Kisha Mama Josée akanyoosha mkono wake na kuviona vidole kwa taabu.

Sauti zilibaki. Tena ziliongezeka, kwa sababu akina mama walikuwa wamefumba macho na hawakujua kwamba ulimwengu umeondoka. Mama Josée alisimama, akageuza sikio huku na huku kama anayetafuta stesheni ya redio, mpaka akaipata sauti ya binti yake. Ilikuwa kulia kwake. Ikapita mbele yake. Akahisi upepo wa nguo.

Ikaanza kupanda.

“Angélique!” alipiga kelele. “Angélique, simama!”

“Amina!” alijibu Mama Myriam kutoka ndani ya ukungu. “Simama, Angélique! Simama katika imani!”

“Rudi! Rudi, mwanangu!”

“Rudi, Anselme!” sauti nyingine ikadakia. “Bwana, mrudishe!”

Ndipo Mama Josée alipoelewa. Hakuna neno alilokuwa nalo ambalo halikuwa limeshatumika katika maombi. Hata angelia, wangesema Roho amemgusa. Na Angélique, akisikia jina lake, angejua tu kwamba mama yake anaomba kama siku zote, na angezidi kusonga mbele. Alijaribu kukimbia. Goti lilimkatalia, akaanguka kwa mikono. Sauti ya binti yake iliendelea kupanda, nyembamba, bila haraka, sauti ya mtu ambaye miguu yake inamwambia kwamba yuko salama.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kinachowasimamisha watu wale. Maombi hufungwa kwa wimbo. Kiongozi anauanzisha, na popote mtu alipo anasimama, anafumbua macho, anapiga makofi. Ni kiongozi peke yake anayeuanzisha. Mama Josée hajawahi kumwanzishia mtu wimbo maishani mwake, hata jikoni.

Akaanzisha. Aliuchukua juu mno, sauti ikapasuka, akaendelea hivyo hivyo, akiwa amepiga magoti kwenye majani yenye maji, akipiga makofi kwa viganja vilivyochubuka.

“Nani huyo?” ilikuwa sauti ya Mama Generosa, imejaa hasira. “Nani anafunga maombi? Mimi sijafunga!”

Mama Josée hakumjibu. Sauti ya kwanza ilijiunga, kisha ya pili. Akasikia makofi kushoto, makofi nyuma. Akasikia mtu anasema, “Yesu wangu, mbona sioni?” Na mwingine, “Mama! Niko wapi?” Hapo akaukata wimbo.

“Nyamazeni!” alisema. “Kila mtu akae chini alipo. Mtu asinyanyue mguu. Nyamazeni nimsikie mtoto wangu.”

Wakanyamaza wote. Ukabaki upepo, na chini ya upepo, mahali ambapo hapakustahili kuwa na kitu, bahari. Angélique hakusikika. Halafu kikasikika kitu kidogo: mawe yanabiringika, mawili matatu, kisha hayabiringiki tena, na hayakusikika yakifika popote.

Mama Josée alitaka kupiga mayowe. Aliyameza. Alijua mayowe yangemfanya mtu aruke, na asingejua anarukia upande gani. Akatafuta ndani yake sauti nyingine, ile ya jikoni, ya kila siku, ya kumwambia mtoto aondoe mkono kwenye sufuria.

“Angé. Kaa chini.”

Akatega sikio.

“Angé, nimesema kaa chini.”

“Mama?” Sauti ilikuwa mbele yake, juu kidogo. “Mbona mmeacha kuimba?”

“Usinibishie. Kaa hapo hapo.”

Ukasikika mchakacho wa nguo kwenye majani. “Nimekaa.”

“Peleka mkono mbele. Polepole. Kuna nini?”

Ilichukua muda. “Mama,” Angélique alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika, “majani yameisha.”

Nyuma mtu alianza kulia, na mwenzake akamziba mdomo. Mama Josée alijilaza kifudifudi akaanza kujivuta kwa viwiko. Alihisi mkono unamshika kifundo cha mguu, karibu apoteze fahamu kwa hofu. Alikuwa Severin. Alikuwa ametambaa mpaka pale akifuata sauti. “Ni mimi, mama,” alinong’ona. “Nenda. Mimi nimekushika. Siachi.”

“Angé, geuka taratibu, ulale kwa tumbo, uje kwenye sauti yangu.”

Hakuna kilichosogea.

“Angé?”

“Niache kidogo, mama. Hapa pametulia.”

Katika hofu zote za siku ile, hii ndiyo iliyokuwa kubwa kupita zote, na Mama Josée aliitambua mara moja, kwa sababu alikuwa ameishi nayo nyumbani mwaka mzima, ikikaa nao mezani mbele ya sahani isiyoguswa. Sasa ilikuwa imekaa ukingoni na binti yake.

“Unajua nilikuwa naomba nini?” Angélique alisema. “Nyote mnaomba arudi. Mimi nilikuwa naomba niambiwe amekufa. Naomba hivyo toka Krismasi. Nimechoka kumngoja, mama. Mke gani anaomba vile? Halafu nakaa mezani na watu wananiita mwenye imani, na chakula hakipiti.”

Mama Josée aliendelea kujivuta. Mkono wake uliokuwa mbele ulizama ndani ya ufa, mwembamba, umefichwa na majani, wa kuingiza kiganja. Upande wa pili wa ufa ndiko sauti ilikokuwa. Aliuacha mkono humo mpaka pumzi ikamrudia.

“Mimi niliomba hivyo hivyo mwaka juzi,” alisema.

“Wewe?”

“Mimi. Kwa ajili ya Anselme huyo huyo. Nilimpenda kama niliyemzaa. Niliomba, nikaona haya, halafu nikaenda kupika. Miradie alikuwa na njaa.”

Bahari ilipiga chini, na majani yakatetemeka chini ya kifua cha mama.

“Kama huwezi kuja, sema,” Mama Josée alisema. “Nitakuja mimi. Severin, legeza mkono.”

“Usije!” Angélique alisema kwa ukali. “Mama, usije hapa! Panacheza!”

Na hapo alisikika anageuka. Ilikuwa taratibu, kwa pumzi za kukatika, kiwiko kimoja kisha kingine. Kokoto zilianguka tena. Mama Josée alinyoosha mikono yote miwili juu ya ufa, akaifungua, akaifunga, akaifungua, na haikushika ila ukungu, mpaka iliposhika nywele. Alishika nywele, kisha ukosi, kisha kwapa. Alivuta kwa nguvu ambazo hakuwa nazo, na nyuma yake Severin akamvuta yeye, na nyuma ya Severin kumbe walikuwepo akina mama wawili wamemshika Severin. Wote wakateremka pamoja kwenye majani kama mzigo unaoburutwa, mpaka wakafika mahali ambapo ardhi ilikuwa tambarare.

Hakuna aliyesimama. Walikaa palepale, wameshikana nguo, hadi ukungu ulipoanza kuchanika. Ndipo walipoona. Ule ufa ulikuwa umekata kipande cha majani kikubwa kama meza, na kipande chenyewe kilikuwa kimeinama kuelekea hewani. Katikati yake majani yalikuwa yamelala, kwa upana wa mtu aliyekaa.

Mama Generosa alipatazama mahali pale kwa muda mrefu. Kisha alifungua kitenge chake cha kiunoni, kile kizuri cha siku ya kina mama, akamfunika Angélique mabegani, akamfunga fundo kifuani kama anavyofungwa mtoto. Hakusema chochote kuhusu wimbo. Fundo likamshinda, akalirudia.

Waliteremka kwa mstari mmoja, mbali na ukingo, kila mtu ameshika mkono wa mwenzake. Mama Josée hakushika mkono. Alikuwa ameshika mkunjo wa sketi ya binti yake, kwenye pini, na vidole vyake vilikataa kufunguka. Kila upepo ulipovuma aligeuka nyuma.

Walipofika nusu ya njia Angélique alisimama.

“Nini?” mama yake aliuliza. “Unaumwa wapi?”

“Nina njaa,” Angélique alisema.

Mstari mzima ulisimama. Akina mama walitazamana. Ilikuwa safari ya kufunga. Hakuna aliyepaswa kuwa na hata peremende. Upepo ukapita, kondoo wakalia huko bondeni. Ndipo Mama Myriam, peku, uso umemwiva kwa aibu, akaweka viatu vyake vya harusi chini, akafungua mkoba, akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili. Ndani yake mlikuwa na mandazi.

“Nilikuwa nayabeba tu,” alisema.

Mama Generosa aligeuka, akaanza kuwatazama kondoo kwa bidii sana.

Angélique alichukua andazi kwa mikono miwili. Aliuma kidogo, akatafuna muda mrefu kama mtu anayejikumbusha namna ya kutafuna, akafumba macho, na mama yake akakaza vidole kwenye ile sketi. Akameza. Kisha akauma tena.